Ajali Kubwa Huzuiwa Kwenye Ramani

Bwana Mhariri aliniomba niandike somo la Fizikia kwa toleo hili, akapendekeza habari za umeme. Namwomba radhi yeye na wasomaji wote. Umeme utangoja muhula ujao. Liko jambo lisiloweza kungoja. Nyuma ya bwalo letu, kama ajuavyo kila mwenye kupita huko, vimepigwa vigingi na kufungwa kamba nyeupe, na hapo ndipo litakapojengwa bweni jipya la wasichana. Mafundi wataanza kuchimba msingi baada ya likizo. Kwa leo bweni hilo ni kamba tu, nami nataka kusema niliyo nayo maadamu lingali kamba.

Somo lenyewe, hata hivyo, latoka mbali: latoka kwenye mitambo ya kuchimba mafuta na gesi baharini. Nilipoandika maneno hayo ubaoni katika Kidato cha Tatu, kijana mmoja wa Mang'ola alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, sisi maji tunayoyajua ni ya Ziwa Eyasi na ya mifereji ya vitunguu. Bahari yatuhusu nini?" Darasa likacheka. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza, nami nikamwahidi kumjibu kwa maandishi ili mzee wake naye apate kusoma.

Kwanza, bahari hiyo ni yetu. Gesi iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, Wilaya ya Kilwa, mwaka 1974. Ilikaa ardhini miaka 30 hivi, na mwaka 2004 ikaanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, ambalo sehemu yake ya kwanza yalala chini ya maji. Kisha, kuanzia mwaka 2010, meli za kuchimba ziligundua gesi nyingi zaidi mbali na pwani ya kusini, mahali penye kina kirefu. Kisima kimoja kiitwacho Zafarani, kilichochimbwa mwaka 2012, kiko mahali ambapo kina cha bahari ni mita 2,500 hivi. Kwa sisi wa huku si vigumu kukifikiri kina hicho. Simama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, pale watalii wapigapo picha, utazame chini: nyati waonekana kama mbegu za ulezi zilizomwagika. Kutoka miguuni pako hadi kwa nyati hao ni mita 600 hivi. Sasa panga kreta nne, moja juu ya nyingine, uzijaze maji ya chumvi; sakafuni mwa ile ya chini kabisa ndipo ulipo mdomo wa kisima. Mwezi wa Juni 2022 Serikali yetu ilitia saini makubaliano ya awali na makampuni ya nje juu ya kuileta gesi ya namna hiyo nchi kavu, huko Lindi, na kuigeuza iwe kimiminika. Kazi hiyo itataka vijana waliosoma Hesabu na Fizikia, wala sioni kwa nini asiwemo mmoja wa Mang'ola.

Pili, na hili ndilo kubwa, watu wa mitambo ya baharini wamejifunza jambo kwa gharama ya roho nyingi, na jambo hilo lafaa popote watu wanapojenga kitu ambacho wenzao watalala ndani yake.

Ajali ni za namna mbili. Ziko ndogo: mtu akatika kidole, mwingine ateleza ngazini. Hizi ni nyingi, na mkuu wa kazi huweza kuzihesabu na kuzipunguza kwa viatu vizuri na maonyo. Kisha iko ajali kubwa, inayokuja mara moja katika miaka mingi, ikachukua watu wengi kwa saa moja. Sisi wa Karatu hatuna haja ya kufafanuliwa. Tarehe 6 Mei, 2017, basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni hapo Rhotia, wakafa watoto zaidi ya 30 pamoja na walimu wao na dereva. Sitasema zaidi juu ya siku ile.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba ajali kubwa ni ajali ndogo iliyokua, na kwamba mahali pasipo na vidole vilivyokatika ni mahali salama. Sivyo. Mtambo waweza kukaa mwaka mzima bila mtu kuumia ukucha, na muda huo wote ufa waendelea kurefuka ndani ya chuma, usiku na mchana, bila kelele. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtambo ulioitwa Alexander L. Kielland, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei. Ulikuwa ukielea juu ya miguu mitano, nao ulitumiwa kama bweni la wafanyakazi. Katika mojawapo ya mihimili iliyofunga miguu hiyo, mafundi walikuwa wamelehemu kishikio kidogo cha chombo cha kusikilizia sauti majini. Kishikio tu! Hakikubeba uzito wowote wa maana, kwa hiyo hakikutazamwa kama kitu cha maana. Ufa ulianzia kwenye kiungo hicho, mawimbi yakaukunja na kuukunjua mhimili mara nyingi zisizohesabika, na jioni ya tarehe 27 Machi, 1980, mhimili ukakatika. Mguu mmoja ukang'oka, na mtambo ukapinduka. Watu 212 walikuwamo, 123 walikufa.

Sasa ulizeni: ajali ile ingezuiwa lini? Jioni ile, hapana. Mwaka uliotangulia, labda, kama mkaguzi angeuona ufa chini ya rangi. Lakini siku mchoraji alipokuwa na penseli mkononi, ingalitosha aseme, "Kishikio hiki kisiwekwe hapa."

Twaweza kulieleza hivi. Kila kazi ya ujenzi hupita hatua zake: kwanza wazo, kisha michoro ya awali, kisha michoro kamili, kisha ujenzi, kisha matumizi. Katika michoro ya awali, kuhamisha chumba kutoka upande huu kwenda upande ule hugharimu kifutio na nusu saa. Chuma kikisha kukatwa, hugharimu fedha. Mtambo ukisha kusimama baharini, hugharimu fedha nyingi sana, na aghalabu wenyewe husema haiwezekani. Basi huongeza kengele, mabango na amri. Sisemi kwamba kengele na amri hazifai. Nasema kwamba hizo humtegemea binadamu kuamka, kusikia, kukumbuka na kutii, tena katika saa ambayo moshi umemjaa kifuani.

Mfano ulio karibu ni barabara za kreta yetu. Barabara ya Seneto ni ya kushuka tu, na ile ya Lerai ni ya kupanda tu. Wenye hifadhi wangeweza kuruhusu magari yapishane kwenye ukuta ule, wakaweka mabango kila kona: PIGA HONI, PUNGUZA MWENDO. Lakini gari lishukalo halikutani na lipandalo, na kwa hiyo ajali ya kugongana uso kwa uso katika kona imeondolewa, haikuonywa tu. Dereva mzembe bado aweza kutumbukia kwa uzembe wake mwenyewe. Hatari ile nyingine hata akiitafuta hataipata. Na wazee wa Kiiraqw hawakuhitaji kitabu kuyajua haya. Zamani za mapigano walichimba nyumba zao ndani ya mteremko, paa likawa sawa na ardhi, adui apite bila kuona kitu. Mwenye nyumba ya namna hiyo alikuwa amejilinda siku ile alipochagua mahali pa kuchimba.

Narudi baharini, maana sasa nataka kuwaeleza ajali ambayo kila mwanafunzi wa uhandisi huisoma. Ni ya mtambo ulioitwa Piper Alpha, uliosimama kilomita 190 hivi kaskazini mashariki ya Aberdeen, Scotland.

Piper Alpha ulianza kutoa mafuta mwaka 1976. Walioubuni waliufikiria kuwa mtambo wa mafuta, nao waligawanya sehemu zake kwa kuta za kuzuia moto, kwa sababu mafuta huwaka. Baada ya miaka michache ikaamuliwa kwamba gesi nayo ikusanywe na kusukumwa nchi kavu. Mashine za kushindilia gesi zikaletwa, zikawekwa mahali palipokuwa na nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa karibu na chumba cha kuongozea mtambo. Hapo ndipo pa kutua na kufikiri. Gesi haiwaki tu, gesi hulipuka. Ukuta uliojengwa kuzuia moto husimama mbele ya moto kwa saa kadhaa, lakini mlipuko huupiga kama kofi na kuuvunja vipande. Mtambo ulibadilika tabia, na ramani ya kuta ikabaki ile ile ya kwanza. Juu ya yote hayo walilala watu, maana malazi yalikuwa juu ya mtambo huo huo.

Mchana wa tarehe 6 Julai, 1988, mafundi waliondoa vali moja ya usalama kwenye pampu ili ikakaguliwe, wakaziba tundu lake kwa kifuniko cha chuma. Usiku pampu ya pili ikazimika. Wa zamu ya usiku waliipata hati ya kazi moja kuhusu ile pampu ya kwanza. Hati nyingine, iliyohusu vali, hawakuiona. Wakaiwasha. Mafuta mepesi yatokanayo na gesi yakavuja kwenye kifuniko, na karibu na saa 4 usiku ukatokea mlipuko wa kwanza. Ukuta ukavunjika, chumba cha kuongozea kikaharibika, mawasiliano yakakatika. Pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono, kwa sababu wapiga mbizi walikuwa wakifanya kazi majini na ilihofiwa wasivutwe. Moto ulipowaka hakuna aliyeweza kuzifikia. Mitambo miwili jirani, iliyounganishwa na Piper Alpha kwa mabomba, iliendelea kusukuma mafuta na gesi kwa muda, maana hakuna aliyepewa amri ya kusimamisha. Baada ya dakika 20 na kitu bomba kubwa la gesi likapasuka kwa joto.

Watu wengi walikusanyika malazini, kama walivyokuwa wamefundishwa, wakangoja helikopta. Helikopta haikuweza kutua kwa moshi, na moshi ule ule ukaingia ndani ukawaua walipokuwa wakingoja. Wengi wa waliopona ni wale waliotoka kinyume cha mafundisho, wakashuka kwa kamba au wakaruka baharini kutoka juu sana. Walikuwako watu 226, 61 walipona. Pamoja na waokoaji wawili, waliokufa ni 167.

Jaji Cullen, aliyepewa kazi ya kuchunguza, alitoa taarifa yake mwaka 1990 yenye mapendekezo 106. Someni habari zake mkikua. Kwa leo nataka mshike jambo moja tu la malazi: yaliwekwa juu ya hatari, moshi uliweza kuingia, na njia za kutoka zilipita penye moto. Hayo matatu yaliamuliwa na watu wenye penseli, mezani, miaka zaidi ya kumi kabla ya usiku ule, nao walikuwa watu wazuri na wenye elimu. Hawakuulizana tu, "Ikiwa pale patawaka, hawa watapita wapi?"

Nchi ya Norwei ililifanya swali hilo kuwa sharti mapema kidogo. Mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya Kielland kupinduka, idara yao ya mafuta ilitoa mwongozo uliotaka usalama wa mtambo upimwe wakati wa michoro ya awali, kabla chuma hakijakatwa. Waliuliza juu ya vitu vitatu: Je, ajali ikitokea sehemu moja, njia za kutokea zitabaki? Je, mahali pa kukimbilia patabaki salama kwa muda wa kutosha? Je, nguzo kuu zitasimama? Kisha wakaweka kipimo cha hesabu: kwa kila aina ya ajali, uwezekano wa kupoteza mojawapo ya vitu hivyo usizidi mara 1 katika miaka 10,000.

Hapo vijana wa Hesabu huamka. Tupige mfano, nao ni mfano tu. Tarakimu nazitunga mwenyewe. Tuseme katika mtambo fulani gesi huvuja kwa wingi mara 1 kila miaka 10. Katika mivujo 20, mmoja hushika moto. Katika mioto 10, mmoja huupita ukuta na kufika malazini. Basi twazidisha: 1/10 mara 1/20 mara 1/10, twapata 1/2,000 kwa mwaka. Kipimo ni 1/10,000. Mtambo umeshindwa mtihani, na mchoraji arudi mezani. Akiyasogeza malazi mwisho wa mtambo, upande utokako upepo, na katikati akaweka vyumba visivyo na gesi, huenda ikawa ni moto 1 tu katika 100 utakaofika. Sasa twapata 1/20,000, na mtambo umepita.

Lakini iko mitego miwili katika hesabu hiyo. Wa kwanza ni wa uaminifu: mchoraji mvivu aweza kuacha ukuta ulivyo, akabadili tarakimu tu. Karatasi itakubali. Mtego wa pili ni mgumu zaidi, na ndio uliokifanya kichwa changu kiume nilipokuwa chuoni. Kanuni ya kuzidisha hushika tu ikiwa mambo hayo hayategemeani. Ukitupa sarafu mbili, ya kwanza haiijui ya pili. Lakini ndani ya Piper Alpha mlipuko mmoja ulivunja ukuta, ukaharibu chumba cha kuongozea, ukakata mawasiliano na kuwazuia watu wasifike kwenye pampu, vyote kwa pamoja. Mtu angekaa akazidisha, "ukuta 1/10, simu 1/10, pampu 1/10," angepata tarakimu ndogo ya kupendeza, na ingekuwa uongo. Ndiyo sababu mchoraji mwema haanzi na hesabu. Huanza kwa kutazama ramani na kuuliza ni vitu gani vitakavyokufa pamoja, kisha huvitenga.

Mfano mfupi wa vitu vidogo vya kutengwa ni Ocean Ranger, mtambo uliozama mbali na pwani ya Kanada usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari, 1982. Wimbi lilivunja kioo cha dirisha dogo la chumba cha kusawazishia mtambo, maji ya chumvi yakaingia kwenye vitufe vya umeme, vali zikaanza kufanya kazi ovyo. Walikuwamo watu 84. Hakupona hata mmoja. Dirisha na vitufe vilikuwa chumba kimoja.

Wengine wataniuliza: ikiwa hatari ni watu kulala juu ya gesi, kwa nini wasiondolewe kabisa? Ni swali jema, na limejibiwa. Katika Norwei liko eneo la gesi liitwalo Snøhvit lisilo na jukwaa lolote juu ya maji. Visima na vali viko sakafuni mwa bahari, na tangu mwaka 2007 gesi huja nchi kavu kwa bomba la kilomita 143. Hakuna alalaye juu yake. Lakini hatari haikufa; ilihamia kwenye kiwanda cha nchi kavu. Kiwanda hicho kilishika moto tarehe 28 Septemba, 2020. Hakuna aliyeumia, ila kilifungwa hadi katikati ya mwaka 2022. Basi, gesi yetu ya kusini itakapoletwa pwani ya Lindi, swali la njia ya kutokea litakuwa la kijiji kizima, na pa kuliuliza ni hapo hapo penye penseli. Sheria yetu ya Petroli ya mwaka 2015 imeunda mamlaka ya kusimamia mambo hayo. Natumaini itakuwa na vijana wenye kusoma ramani, si barua tu.

Sasa nirudi kwenye kamba zetu.

Kabla sijaeleza tulichofanya, ni lazima nitaje mambo machungu, maana wazazi wengine watadhani nacheza. Mwezi wa Juni 1994, huko Shauritanga, Wilaya ya Rombo, bweni la wasichana liliungua, wakafa zaidi ya 40. Mwaka 2001, Kyanguli nchini Kenya, walikufa wavulana 67. Bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2009, Idodi, Mkoa wa Iringa, wasichana 12. Kwa hiyo bweni la shule na malazi ya mtambo wa baharini ni kitu kimoja katika macho ya moto: watu wengi, wamelala, chumba kimoja.

Nilikwenda na Kidato cha Tatu vipindi viwili nyuma ya bwalo, tukiwa na nakala ya ramani na mawe ya kuonyesha vitanda. Swali lilikuwa lile la Norwei. Kwanza tuliona kwamba ramani ina mlango mmoja, mwishoni, kwa wasichana 40. Tulisimama ndani ya kamba tukatoka penye mlango huo kwa kutembea haraka, mchana, tukicheka: dakika 1 na sekunde 10. Tukaweka mlango wa pili upande wa pili kwa mawe mawili: sekunde 38. Kisha nikaomba nusu yao wafungwe vitambaa machoni, kama vile moshi, watoke kwa mlango mmoja. Hilo sikulimaliza, kwa sababu wasichana wawili walianguka mlangoni, wengine wakawapanda. Hakuna aliyeumia, lakini hakuna aliyecheka tena.

Jambo la pili aliliona yule yule kijana wa Mang'ola. Chumba cha kuwekea magodoro ya akiba na masanduku kimechorwa ubavuni mwa mlango huo mmoja. Godoro la sponji huwaka upesi na kutoa moshi mweusi wenye sumu. "Mwalimu," akasema, "hii ndiyo ile mashine ya gesi iliyowekwa karibu na chumba cha kuongozea." Nilimpa alama zake pale pale. Jambo la tatu ni jiko letu la kuni, lililo upande wa mashariki. Na upepo wa hapa, hasa miezi ya kiangazi, aghalabu hutoka mashariki, ukichukua cheche kuelekea bweni. Tulipima tukaona kwamba vigingi vikihamishwa hatua 20 kuelekea kaskazini, bweni litakuwa pembeni mwa njia ya cheche. Hasara yake ni kwamba bomba la maji litahitaji mita 18 zaidi. Sikutaka kuificha hasara hiyo, na nimeiandika katika barua yangu kwa Mkuu wa Shule.

Mkuu wa Shule alikuja akasimama ndani ya kamba, akakubali mlango wa pili na kuhamisha chumba cha magodoro. Vigingi navyo vimehamishwa. Tulivihamisha sisi wenyewe jioni ile, kazi ya saa moja, na kamba iliyopungua tuliiongeza kwa mkonge.

Lililobaki ni nondo za madirisha. Ramani yasema zijengewe ukutani. Baadhi ya wazazi wameniambia waziwazi kwamba hawatamleta binti mahali ambapo mwizi au mhuni aweza kuingia dirishani, nami siwezi kuwacheka. Nina binti mimi pia. Ninachopendekeza ni kwamba katika kila upande madirisha mawili yawe na nondo zilizo katika fremu yenye bawaba, zifunguke kwa nje, na komeo liwe ndani bila kufuli wala ufunguo, mahali ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki. Fundi wa kulehemu wa hapa Karatu mjini amesema kazi hiyo yawezekana na gharama yake si kubwa kupita ile ya nondo za kawaida kwa kiasi cha kutisha. Kuna wanaosema komeo la ndani litawafanya wasichana watoroke usiku. Huenda mmoja akatoroka. Namwachia Matroni tatizo hilo, maana msichana aliyetoroka huweza kurudishwa.

Shauri hilo litaamuliwa na Bodi pamoja na mkutano wa wazazi siku ya kufunga shule. Nawaomba wazazi wafike mapema, saa 3 asubuhi, kabla ya mkutano, waje nyuma ya bwalo. Wanafunzi watawaonyesha vitanda vya mawe na milango, na mwenye kutaka ajaribu mwenyewe kutoka akiwa amefunga macho.

Kwa Kidato cha Tatu na cha Nne, maswali ya likizo ni haya. Chora ramani ya nyumba ya kwenu, uonyeshe jiko, mahali pa kuwekea mafuta ya taa au mtungi wa gesi, mlango, na kila mtu alalapo. Kisha uandike ni nani atakayezibiwa njia moto ukianzia jikoni, na ni kitu gani kimoja ungekihamisha. Pili, katika ule mfano wangu wa hesabu, tuseme mtambo utadumu miaka 30: tafuta uwezekano wa moto kufika malazini walau mara moja katika muda huo, kabla na baada ya malazi kusogezwa. Wa Kidato cha Nne waoneshe pia kwa nini jibu si kuzidisha kwa 30 tu, ingawa kuzidisha huleta jibu la karibu. Tatu, taja vitu viwili katika maabara yetu ambavyo vitaharibika kwa pamoja bomba la maji likipasuka. Majibu yaletwe kwangu wiki ya kwanza ya muhula, kabla mafundi hawajang'oa vigingi.